Miamba ya Mwanza inachakaa, tusijenge kana kwamba haichakai

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako nizungumze na wakazi wenzangu wa Mwanza, pamoja na wengine wote wanaoishi kando ya mawe makubwa, kuhusu jambo nililolifundisha darasani kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ambalo masika iliyopita lilibisha hodi uani kwa jirani yangu. Usiku wa mvua kubwa, ubapa wa jiwe wenye upana wa mlango na unene wa kiganja ulibambuka kutoka kwenye jabali lililo nyuma ya jiko lake, ukateleza mteremkoni na kuubomoa ukuta wa jiko hilo. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa watoto walikuwa wamekwisha kula na kuingia nyumba kubwa kulala. Asubuhi tulipokusanyika kumpa pole, kauli moja ilirudiwa na karibu kila aliyefika: jiwe hili limekuwapo tangu enzi za babu zetu na halijawahi kumdhuru mtu, imekuwaje leo?

Barua hii ni jibu langu kwa swali hilo, ambalo siku ile sikuweza kulijibu kwa heshima mbele ya mtu aliyekuwa akiokota sufuria zake kwenye kifusi. Miaka mingi ambayo jiwe limekaa mahali pamoja haithibitishi uimara wake. Inatueleza tu ni kwa muda gani jua, mvua, mizizi na uzito wa jiwe lenyewe vimekuwa vikilifanyia kazi.

Majabali tunayoyaona Isamilo, Bugando, Mabatini na Igogo, na hata Mwamba wa Bismarck uliosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga, ni mawe ya itale, ambayo wengi wetu shuleni tuliyajua kwa jina la graniti. Ni sehemu ya kitako kikongwe cha ardhi ya Tanzania, chenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Graniti haizaliwi juu ya ardhi. Hutokana na uji wa moto uliokwama kilomita kadhaa chini na kuganda polepole, na kupoa huko kwa taratibu ndiko kulikozipa chembe zake nafasi ya kukua hata zikaonekana kwa macho: kwatzi inayong'aa kama kioo cha chupa, feldispa nyeupe au ya waridi, na ulanga mweusi unaometameta. Mwanafunzi akiokota kipande njiani anapotoka shule anaweza kuzitambua chembe hizo tatu bila hadubini.

Huko chini jiwe lilikuwa limebebeshwa mzigo ambao ni vigumu kuuwazia. Mita moja ya ujazo ya mwamba ina uzito wa takriban tani 2.7, kwa hiyo, penye kina cha kilomita moja, kila mita ya mraba hubeba tani 2,700 za mwamba ulio juu yake. Kwa muda mrefu usiohesabika mmomonyoko umekuwa ukiuondoa mzigo huo kidogo kidogo na kuupeleka mabondeni na ziwani. Jiwe lililokuwa limebanwa linapopunguziwa mzigo hutanuka, na kwa kuwa upande wa juu tu ndio ulio huru, hutanukia huko huko. Nyufa hujitokeza zikifuata umbo la uso wake, safu chini ya safu, mfano wa maganda ya kitunguu. Ukilitazama kwa ubavu jabali lolote kubwa lililo wazi hapa mjini utayaona matabaka hayo, mengine membamba kama sahani, mengine manene kuliko kimo cha mtu. Ubapa ulioangukia jiko la jirani yangu ulikuwa ganda mojawapo. Ufa uliouachanisha na jabali haukuzaliwa usiku ule. Ulianza kabla ya kuwapo mji, na usiku ule wa masika ndipo ulipofika mwisho wa safari yake.

Hapa niweke wazi tofauti moja ambayo katika mazungumzo ya kawaida huwa inapotea. Kuchakaa kwa mwamba ni kuvunjika au kulainika kwake palepale ulipo, ilhali mmomonyoko ni kuchukuliwa kwa vile vilivyokwisha kuvunjika, vikaburutwa na maji, upepo au mteremko. Kuchakaa kwenyewe kuna namna mbili: ya kikemikali, ambayo jiwe hugeuka kuwa kitu kingine kama chuma kinavyogeuka kutu, na ya kimaumbile, ambayo jiwe hugawanyika vipande lakini kila kipande kikabaki kuwa jiwe lilelile. Namna hii ya pili ndiyo ninayoizungumzia, ingawa milimani kwetu zote mbili hutembea pamoja, kwa sababu kila mpasuko hufungulia maji uso mpya wa kushambulia. Chukua jiwe la mraba lenye mita moja kila upande: uso wake wote ni mita za mraba 6. Likate vipande vya sentimita 10 kila upande, utapata vipande 1,000 ambavyo nyuso zake kwa jumla ni mita za mraba 60. Jiwe halikuongezeka hata gramu moja, lakini mahali pa kuliwa pameongezeka mara 10.

Wageni wanaofika Mwanza huuliza ni nani aliyeyaviringa mawe yetu hata yakawa duara namna hii. Hakuna aliyeyaviringa, na mengi hayajawahi kusogea hata hatua moja. Graniti ilipokuwa ikipoa, na baadaye ilipotikiswa na misukosuko ya ardhi, ilipata nyufa zilizonyooka, nyingine za wima na nyingine za mlalo, zikakatana na kuugawa mwamba katika vitalu mfano wa matofali makubwa. Maji ya mvua yalipenya katika nyufa hizo wakati vitalu vingali vimefunikwa na udongo, yakaanza kuilainisha feldispa na kuifanya udongo wa mfinyanzi. Kona ya kitalu hushambuliwa kutoka pande tatu, ukingo kutoka pande mbili, na uso kutoka upande mmoja tu. Kwa hiyo kona hutangulia kwisha, ukingo hufuata, na kinachobaki ni kiini cha mviringo kilichozungukwa na changarawe iliyooza. Mvua za karne nyingi zikishaichukua changarawe hiyo, viini hubaki juu ya mlima vimepakatana, kimoja juu ya kingine, kana kwamba vimepangwa kwa mkono. Jiwe linalocheza la kisiwani Ukara, mawe ya Kit-Mikayi karibu na Kisumu, na vilima vya mawe vya Moru na Simba katika mbuga ya Serengeti vina historia ya namna hiyo.

Nimeieleza historia hiyo kwa kirefu kwa sababu inamhusu mjenzi moja kwa moja. Jiwe la juu limelikalia jiwe la chini, au limeukalia udongo, bila kushikamanishwa na chochote isipokuwa uzito wake. Jiwe la mviringo lenye upana wa mita 3, ambalo kwetu ni jiwe la kawaida kabisa, lina uzito wa karibu tani 38, na pengine sehemu linayoikalia haizidi ukubwa wa meza ya kulia chakula.

Sasa nizungumzie jua, kwa sababu hapo ndipo nina deni kwa wanafunzi wangu wa zamani. Katika masomo yetu ya Jiografia mfano unaotangulia huwa ni wa jangwani: mchana jiwe hutanuka kwa joto, usiku husinyaa kwa baridi, na kurudiarudia huko hulichosha mpaka likapasuka. Nimeiandika sentensi hiyo ubaoni mara nyingi. Si ya uongo, lakini imekosa kiungo kimoja, nami natamani kila mwalimu akifahamu. Mwaka 1936 mwanasayansi wa Marekani, David Griggs, alichapisha matokeo ya jaribio ambamo kipande cha graniti kilipashwa joto na kupozwa mara 89,400, kila mara kwa tofauti ya nyuzi joto zipatazo 110, idadi inayolingana na mchana na usiku wa miaka 244. Kwa muda wote ambao kazi hiyo ilifanyika katika hewa kavu, hata hadubini haikuonyesha badiliko. Alipoanza kukipoza kipande kwa maji, dalili za kuchakaa zilijitokeza baada ya muda mfupi sana ukilinganisha na ule wa kwanza. Basi jua peke yake, juu ya kipande kidogo kisicho na ufa, hufanya kazi ndogo mno. Jua linalosaidiwa na maji ni jambo jingine kabisa. Hapa Mwanza viwili hivyo hukutana mara kwa mara katika miezi ya mvua: saa nane mchana jiwe linaunguza nyayo, na saa tisa wingu linalimwagia maji.

Tena jabali la mlimani halifanani na kipande cha maabara, kwa kuwa lina nyufa tayari. Chembe zake hazitanuki kwa kiasi kimoja. Kwatzi hutanuka kuliko feldispa, hivyo chembe zilizokaa jirani husukumana kila joto linapopanda. Jiwe pia hupitisha joto polepole, kwa hiyo ganda la nje huwa limekwisha kutanuka wakati kiini kingali baridi. Ganda ambalo nyuma yake limekwisha kuachana na jabali halina pa kutanukia ila kujikunja kuelekea nje. Hufunguka mchana, hujirudi usiku, na ncha ya ufa husogea kidogo sana kila siku. Wanajiolojia waliofunga vipimo kwenye ganda la namna hiyo huko Yosemite, katika jimbo la California, waliona likifunguka na kujifunga kwa milimita kadhaa kati ya mchana na usiku. Katika jimbo hilohilo, Agosti 2014, mwamba wa graniti ulio kando ya ziwa dogo la Twain Harte ulipasuka kwa kishindo katika siku za joto, watu wakiuona kwa macho yao na wengine wakiupiga picha za video, na vipande vikarushwa juu. Hapakuwa na tetemeko, wala baruti, wala mvua. Mtu aliyeziona picha hizo hawezi tena kusema kwamba jiwe lililotulia limelala.

Kwetu, hata hivyo, maji ndiyo ninayoyahofia zaidi. Udongo wa mfinyanzi uliojikusanya ndani ya ufa huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na kila ukivimba huisukuma mipaka ya ufa kama kabari. Mvua ikinyesha kwa nguvu, maji hujaa ndani ya ufa kuliko yanavyoweza kutoka, yakalisukuma ganda kutoka nyuma, na wakati huohuo yakaulainisha udongo uliokuwa ukilizuia lisiteleze. Ndiyo sababu mawe mengi huporomoka usiku wa mvua au asubuhi yake, na watu wakailaumu mvua hiyo moja kwa kazi iliyofanywa na mvua zote zilizotangulia.

Kisha kuna mizizi. Ndege au popo huangusha mbegu ya mkuyu ndani ya ufa wenye vumbi lisilozidi kijiko, na mche ukaota pale ambapo hakuna aliyetarajia. Mzizi huingia ukiwa mwembamba kama uzi, ukitafuta unyevu, kisha hunenepa mwaka hadi mwaka. Mti ukishakuwa mkubwa, upepo unaoutikisa hutikisa na mzizi, na mzizi hulitikisa jiwe. Najua jinsi tunavyoipenda mikuyu hiyo kwa kivuli chake, nami nina mmoja ambao siwezi kuufikiria ukiondoka. Ushauri wangu ni kwamba mche ung'olewe ungali mdogo, ukiwa bado unatoka kwa mkono. Mti uliokwisha kukomaa usikatwe kwa pupa, kwa sababu mzizi ukifa na kuoza huacha mfereji mtupu unaoyapeleka maji hadi ndani kabisa ya jabali, na kile kilichokuwa kikiyashikilia mawe kinakuwa hakipo tena.

Kuhusu barafu nitasema machache, ingawa vitabu husema mengi. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na yakigandia ndani ya ufa huupanua. Katika nchi zenye majira ya baridi hii ni nguvu kubwa sana. Mtoto wa Mwanza hajawahi kuliona jambo hilo na hataliona nyumbani kwao. Mfano wa kweli upo Kilimanjaro, kwenye mwinuko mkubwa kuelekea kilele cha mita 5,895, ambako maji hupata baridi ya kuganda usiku na jua la kuyeyuka mchana, na ambako barafu hiyohiyo huyashikilia mawe yaliyokwisha kuvunjika hadi itakapoyeyuka. Januari 2006 mawe yaliporomoka kwenye njia ya Western Breach na kuwaua wapandaji watatu raia wa Marekani. Naomba watunga mitaala waufundishe mfano huo kwa uzito wake, lakini wasiufanye ndio wa kwanza kwa mtoto ambaye dirisha la darasa lake linatazamana na jabali la graniti linalobambuka.

Wasomaji wa Zanzibar, Lamu na Mombasa wana adui wao, nayo ni chumvi. Maji ya bahari hupenya katika matundu ya mawe ya matumbawe, maji hukauka, chembe za chumvi hukua ndani ya matundu hayo na kuzisukuma kuta zake, na uso wa ukuta hugeuka unga unaobaki mkononi ukiugusa. Hilo linastahili barua ya mtu anayeishi huko.

Nije sasa kwa jambo lililonifanya nichukue kalamu, yaani kazi ya mikono yetu wenyewe. Milimani kwetu wapo wanaopasua mawe kwa moto. Hurundika kuni, na mara nyingine matairi yaliyochakaa, juu ya jabali, wakawasha moto kwa saa nyingi, kisha wakaligonga kwa nyundo na mtaimbo au wakalimwagia maji likiwa bado la moto. Jiwe hupasuka, na vipande hupondwa kuwa kokoto. Siwalaumu wanaoifanya kazi hiyo. Wengi ni akina mama wanaokaa juani kutwa nzima na nyundo ndogo mkononi, na kokoto zao zimo katika misingi ya nyumba zetu sote, ikiwemo nyumba ninamoandikia barua hii. Lakini ni lazima tuelewe moto unafanya nini. Jua hulipasha jiwe kwa makumi ya nyuzi joto; moto wa kuni hulipasha kwa mamia. Penye nyuzi joto 573 chembe za kwatzi hubadili mpangilio wake wa ndani na kutanuka kwa ghafla, na jiwe lote lililo karibu na moto hujaa nyufa ndogo zisizoonekana. Anayeuwasha moto huchukua vipande vilivyobambuka na kuondoka. Nyufa nyingine hubaki ndani ya jabali, na ndani ya jabali jirani lililoguswa na moto huohuo, na mvua inayofuata inazikuta ziko tayari. Kazi ambayo jua lingeifanya kwa karne nyingi imefanyika kwa mchana mmoja, tena juu ya mtaa wenye watu.

La pili, ambalo kwa maoni yangu ni la hatari zaidi kwa kuwa halionekani kuwa kosa, ni kuchimba chini ya mawe. Kiwanja mlimani ni chembamba, kwa hiyo mjenzi huukata mteremko ili apate mahali tambarare. Udongo anaouondoa ni ile changarawe iliyooza niliyoitaja hapo juu, nayo mara nyingi ndiyo inayolikingia jiwe lisiviringike. Baada ya hapo hufuata shimo la choo, bomba linalovuja, maji ya kufulia yanayomwagwa nyuma ya nyumba kila siku, na paa la mabati linaloshusha maji yake yote mahali pamoja kwenye kitako cha jiwe. Maji ambayo zamani yalienea mlima mzima sasa yanaelekezwa kwenye ufa mmoja. Nimewasikia mafundi wakisema kwamba ukuta unaoegemea jabali hauhitaji msingi mzito, kwa kuwa jabali halisogei. Nimeieleza tabia ya jabali kwa urefu wote huu ili fundi atakayesoma barua hii asiiseme tena kauli hiyo mbele ya mteja wake.

Zipo dalili ambazo mtu yeyote anaweza kuzichunguza bila kifaa cha gharama. Uso wa jiwe uliokaa wazi muda mrefu huwa na rangi ya kijivu, wenye michirizi myeusi na madoa ya ukungu mkavu wa kijani au wa machungwa; palipobanduka karibuni huwa na rangi angavu, nyeupe au ya waridi, kama kidonda kipya. Changarawe mbichi au unga wa mawe chini ya ufa ni ishara kwamba ufa unasaga. Ukiligonga jiwe zima kwa nyundo hutoa mlio mkali, na ukiligonga ganda lililoachana na mwamba wake hutoa mlio wa debe tupu. Mti uliokuwa wima ukianza kuinama, au mlango wa nyumba iliyo chini ya jiwe ukianza kukwama bila sababu, usingoje masika. Lakini mtu asijaribu kulisukuma jiwe ili aone kama limelegea, wala asiite vijana waje na mitaimbo kuliangusha wakati nyumba za chini zina watu.

Naziomba halmashauri zetu, Nyamagana na Ilemela, zisitoe kibali cha ujenzi mlimani kabla ya mtu anayejua mawe kufika na kutazama kilicho juu ya kiwanja, si kiwanja peke yake. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania ina wataalamu wanaoweza kutuandalia ramani ya mawe yaliyolegea mtaa kwa mtaa, na vyuo vikuu vyetu vina wanafunzi wa jiolojia wanaohitaji kazi ya uwandani. Likizo moja ya wanafunzi hao ingeweza kutupatia kumbukumbu ambayo hatujawahi kuwa nayo. Si kila jiwe lililolegea lazima livunjwe. Yapo yanayoweza kutulizwa kwa kujengewa nguzo ya mawe na saruji chini yake, mengine kwa kufungwa na nondo, na mengi kwa mfereji tu unaoyaepusha maji na kitako chake, kazi ambayo wenye nyumba watatu wakishirikiana wanaweza kuimaliza kwa siku moja. Wenyeviti wa mitaa nao wawe na daftari la mawe kama walivyo na daftari la wakazi. Kwa wanaopasua kwa moto, naomba watengewe maeneo mbali na makazi, kabla ya kufikiria kuwafukuza, kwa sababu watu waliofukuzwa mchana hurudi usiku.

Naandika haya nikiwa mtu anayeyapenda mawe haya. Nimezaliwa chini yake, nimecheza juu yake pamoja na pimbi na mijusi yenye vichwa vyekundu, na mji huu usingekuwa na sura yake bila hayo.

Baada ya tukio lile, mimi na jirani yangu tulipaka alama mbili za rangi nyeupe kwenye ganda linalofuata, moja kila upande wa ufa, na binti yake anayesoma darasa la sita akapewa rula na daftari. Kila Jumapili hupima umbali kati ya alama hizo, asubuhi na saa nane mchana, na kuuandika pamoja na hali ya mvua ya wiki hiyo. Vipimo vya mchana havilingani na vya asubuhi, na vya mwezi huu havilingani na vya mwezi tulioanza. Jiko jipya limejengwa upande wa pili wa nyumba, mbali na jabali, na daftari hilo liko wazi kwa mtaalamu yeyote atakayefika kuliomba.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa Jiografia,
Mwanza